Kipima kina cha darajani: tulipofikia kabla ya masika

Kwa mliokuwa mkiuliza kama kile kifaa cha kupima kina cha maji ya mfereji kutoka kituo chetu cha ubunifu kimeshafungwa: kipo, kimefungwa chini ya daraja la waenda kwa miguu, na kinatuma meseji chenyewe. Kilichobaki sasa ni mambo ya watu zaidi kuliko ya nyaya.

Kwa wageni, niseme kwa kifupi. Mfereji wetu unamwaga maji Mto Msimbazi. Msimbazi wenyewe unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani mpaka baharini pale Salender. Kwa hiyo mvua ikipiga Pugu usiku, aliye bondeni anaweza kuvamiwa na maji hata tone halijagonga bati lake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar es Salaam. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari inasema mkoa au ukanda. Haiwezi kukuambia maji yamefika wapi hapo darajani kwenu saa hizi. Pengo hilo ndilo tunalohangaika nalo.

Mahali pa kukifunga tulipata kwenye ramani kabla hatujaenda kukanyaga matope. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa mitaa wakapita na simu uchochoro kwa uchochoro wakichora nyumba, njia na mifereji, kisha kazi yote ikawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni. Mpaka leo ni bure kwa yeyote. Tulifungua, tukaona mifereji miwili inapokutana, tukachagua daraja lililo chini kidogo ya hapo. Ukiniuliza teknolojia ya kusaidia jamii ikoje, nitakuonyesha hiyo: mradi unaisha, wengine wanaendelea kuutumia bila kumwomba mtu ruhusa.

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Kihisi ni kile cha mawimbi ya sauti chenye kichwa kisichoingia maji, jamii ya vile vinavyolia gari likirudi nyuma. Kinapiga sauti chini, kinasubiri mwangwi, kinahesabu umbali. Sauti hukimbia zaidi hewa ikiwa na joto: kwenye nyuzi 25 ni kama mita 346 kwa sekunde, kwenye 35 ni kama 352. Kwa umbali wa mita tatu hiyo ni tofauti ya sentimita tano hivi, na kwetu tano ni nyingi, kwa hiyo tumeongeza kipimajoto kidogo pembeni ili programu isahihishe yenyewe.

Kisha kuna takataka. Mfereji wa Dar haubebi maji matupu. Inapita chupa ya plastiki, mwangwi unarudi mapema, kifaa kinadhani maji yamepanda ghafla. Tiba yake ni kuchukua vipimo kumi na moja mfululizo, kuvipanga kwa ukubwa na kushika cha katikati. Wastani haufai hapa, maana chupa moja inavuruga hesabu yote. Godoro likinasa chini ya daraja, hapo sina dawa.

Kilichotutesa hasa ni moduli ya laini, kile kipande kinachoshika laini ya simu na kutuma meseji. Kila ikitaka kuongea na mnara, kifaa kizima kinazima na kuwaka upya, tena na tena. Vijana wa programu wakasoma msimbo mstari kwa mstari, hakuna kitu. Aliyetatua ni fundi simu ambaye huwa anakuja kituoni kuazima mita ya kupimia umeme. Alisimama nyuma yetu na chapati yake, akaangalia, akasema, "Kaka, hii inakunywa moto kwa mikupuo. Betri yenu inainama." Akaweka mita: volti zilikuwa zinaporomoka kila moduli inapotuma. Moduli hizo huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa muda mfupi sana, na nyaya zetu zilikuwa nyembamba na ndefu. Akafukua kwenye boksi la kompyuta mbovu, akang'oa kapasita ya maikrofaradi 1,000, kile kidude kinachotunza umeme kidogo na kuutoa haraka, akailehemu miguuni pa moduli, akakata nyaya zikawa fupi. Haijazima tena.

Ninayasema haya kwa sababu vituo vya ubunifu vinapenda kujitangaza kwa mashindano ya mawazo, mabango na hundi ya kadibodi. Sina ugomvi nayo, vijana wanahitaji mtaji. Lakini yule fundi hajawahi kuwasilisha wazo mbele ya majaji, na kama mlangoni pangekuwa na fomu ya kujieleza "wewe ni mbunifu wa nini", asingeingia. Alifuata mita, akakuta meza yenye nafasi.

Somo jingine lilitoka ofisi ya serikali ya mtaa, tulipokwenda na barua ya kuomba kibali. Tukaonyesha meseji: "Kina sm 120." Mama anayekaanga mihogo karibu na daraja akasoma, akarudisha simu. "Sasa mwanangu, mia na ishirini ndiyo nini? Nihamishe jiko au nisihamishe?"

Tukarudi kupaka rangi. Nguzo ya daraja sasa ina mstari wa njano na mwekundu, na urefu wake wameuchagua wakazi wenyewe kwa kukumbuka mvua za nyuma: njano ni pale vibanda vya chini vinapoanza kuingiliwa, nyekundu ni pale daraja halipitiki. Meseji inasema, "Maji yamegusa njano, yanapanda haraka." Namba imebaki kwenye kumbukumbu za kifaa kwa ajili yetu.

Mwenyekiti naye akauliza nani ataamka saa nane usiku kusoma meseji. Wajumbe wakajibu wenyewe: walinzi wa ulinzi shirikishi tayari wako macho, wana filimbi na wanajua nyumba zenye wazee. Kwa hiyo usiku meseji zinaenda kwao kwanza. Sisi tusingewaza hilo hata tungekaa kituoni mwaka mzima.

Sola tumeiacha, isingelala pale hata usiku mmoja. Kila kitu kimo ndani ya bomba la plastiki la inchi nne, na betri ni seli za laptop zilizokufa, zile ambazo bado zinashika chaji. Kijana wa kibanda cha kuchaji simu anabadilishana nasi seti mbili, na vocha ya laini inatoka kwenye mfuko wa mtaa.

Kazi inayofuata: buibui wamejenga kwenye kichwa cha kihisi, kwa hiyo ninatafuta namna ya kuwazuia bila kuziba sauti. Pia jaribio la filimbi na walinzi halijafanyika. Mwenye betri ya laptop asiyoitaka, hata kama imekufa, asiitupe. Aiache mapokezi kwa jina la mradi.