Kamba walipolala chali

Ijumaa usiku, saa tatu hivi, nilipita sebuleni kuzima taa nikamkuta kamba mmoja amelala chali kwenye mchanga wa tangi, miguu inatetemeka. Nikainama. Wa pili naye. Wa tatu alikuwa akijirusha kinyumenyume mpaka anagonga kioo. Saa kumi na mbili jioni niliwalisha wakiwa wazima.

Tangi ni dogo, lita 60, nililoachiwa na rafiki aliyehama Tanga: mawe, vipande viwili vya matumbawe laini, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba watano, konokono, na kaa mmoja anayeishi ndani ya gamba la konokono aliyekufa. Udogo huo ndio unaonitia hofu siku zote. Bahari ikiingiwa na kitu ina pa kukimezea. Lita 60 hazina.

Kwanza nilishuku maji. Masika haya mvua imenyesha hasa, na juzi nilichota maji ya tangi baharini, pale Raskazone. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi, na ukichota juujuu unabeba maji yaliyopungua chumvi. Kwa kawaida hungoja bamvua, bahari ijae vizuri, lakini juzi nilikuwa na haraka. Nikapima uzito wa maji, unaoonyesha chumvi, ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi: 1.025, palepale pa siku zote. Joto nyuzi 27. Amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, sifuri. Amonia niliirudia mara mbili, kwa sababu katika maji ya bahari, yenye pH (kipimo cha asidi) ya zaidi ya 8, hata iliyo kidogo huunguza matamvua. Sifuri tena. Umeme haukukatika, na pampu ya hewa ilikuwa inapuliza.

Nikaweka vipimo chini, nikawatazama wenyewe. Ingekuwa hewa imepungua, samaki wangekuwa juu wanatweta. Walikuwa chini, wanaogelea kwa kushtukashtuka, mmoja kalala ubavu. Kaa alikuwa amening'inia nje ya gamba, naye si wa kutoka ovyo. Lakini konokono walikuwa wanapanda kioo taratibu, wanakula. Ingekuwa shaba imeingia majini, nao wangeanguka. Hiki kilichoingia kiliwapiga kamba na kaa, kikawatikisa samaki, kikawapita konokono. Dawa ya wadudu ndiyo huchagua hivyo: kamba na mbu wana udugu wa mbali, na kinachoua mishipa ya fahamu ya mmoja humuua na mwenzake.

Nikavuta pumzi. Harufu ilikuwepo, pua yangu ilishaizoea tu.

Nikagonga mlango wa chumba cha wageni. "Shangazi, shikamoo. Samahani kukuamsha. Ulipuliza dawa ya mbu sebuleni?"

"Marahaba, mwanangu. Nilipuliza baada ya magharibi, watoto wasiumwe. Nikafunga madirisha ikae. Kwani nimekosea?"

Hakukosea. Ametoka Muheza, ameuguza watoto wa malaria tangu mimi sijazaliwa. Mimi ndiye niliyeiweka pampu sakafuni nyuma ya kochi, ikivuta hewa ya chumba kile mchana na usiku na kuisukuma majini.

Nikaitoa pampu hadi barazani, nikapitisha mrija dirishani, nikafungua nyumba nzima. Nilikuwa na maji ya bahari ya akiba kwenye ndoo zenye mifuniko: nikabadilisha lita 20 usiku ule, lita 20 nyingine alfajiri. Kwenye kichujio nikatia mkaa maalumu wa kunasa sumu (wa jikoni haufai kwa kazi hii). Shangazi alinishikia tochi mpaka saa saba bila kusema neno, mkono mwingine kwenye kioo.

Kamba wanne wamekufa, na kaa pia. Samaki walianza kula Jumapili. Matumbawe bado yamejikunja nusu.

Leo Jumanne nimerudi kutoka kazini nikamkuta Shangazi amevuta kigoda mbele ya tangi. "Yule wa mwisho ametoka nyuma ya jiwe," akaniambia kwa sauti ya chini, "usimshtue."