"Je! Huyu ni Naomi?"

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili nimekaa na Ruthu 1:19-22. Naomi anarudi Bethlehemu baada ya yapata miaka kumi huko Moabu, na mji wote unataharuki. Wanawake wanaulizana, "Je! Huyu ni Naomi?" Miaka yote nilidhani wanamsalimu. Safari hii nikasikia minong'ono ya kisimani.

Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Mwanga, Kigoma, alinisubiri baada ya sala. Binti yake aliyekulia kwa ndugu Uingereza alibadili jinsia akaishi kama mwanamume, akitumia homoni ya kiume iitwayo testosteroni kwa miaka mitatu. Sasa ameacha, anataka kuja nyumbani. "Dada," akaniambia, "sauti yake ni nzito kama ya marehemu baba yake. Nitamficha wapi watu wasimwone?"

Sauti ile haitarudi kama zamani. Testosteroni hunenepesha nyuzi za sauti, na hata mtu akiacha dawa hubaki hivyo. Ndevu nazo huendelea kuota. Hedhi kwa wengi hurejea. Aliyeondolewa ovari au korodani hali yake ni nyingine kabisa: akikaa bila homoni yoyote mifupa hudhoofika. Huyo tumwombee, ndiyo, na tumsindikize kwa daktari, maana peke yake huenda asiende. Katika utafiti wa daktari Mmarekani Lisa Littman wa mwaka 2021, kati ya watu 100 walioacha, ni 24 tu waliowaarifu waliowatibu. Na ripoti ya daktari Hilary Cass ya Aprili 2024, kuhusu huduma za jinsia kwa watoto na vijana huko huko Uingereza, ilitaka watu hawa watengewe huduma, kwa kuwa wengine hawatapenda kurudi mlango ule ule.

Linaloniumiza zaidi ni haraka yetu ya kumsimamisha mtu mbele atoe ushuhuda. Naomi hakusimamishwa. Alisema mwenyewe, "Msiniite Naomi, niiteni Mara," yaani chungu, na Maandiko yameuacha uchungu wake ulivyo, bila kumkemea. Sisi hatujui binti huyu ameacha kwa nini. Wapo wanaojuta, wapo waliojitambua upya taratibu, na wapo waliochoshwa na watu: katika uchunguzi wa mwaka 2015 kwa waliobadili jinsia Marekani, wengi wa waliowahi kurudi nyuma walitaja shinikizo la familia, kazi au unyanyapaa. Na hata kama anajuta, majuto yake si fimbo ya kuwachapia wenzake ambao hawakurudi. Huenda hao ndio waliomkalia kitandani alipolia.

Tazameni Ruthu. Wakati mji unauliza, yeye hana neno. Kisha anakwenda shambani kuokota masazo ya shayiri, jioni anamletea mkwewe chakula.

Basi tumekubaliana na mama yake. Stesheni watakwenda watatu tu. Jina, tutamwuliza yeye mwenyewe, na atakalotaja ndilo tutakalomwitia. Sala ya Jumamosi tumeihamishia kwa jirani, asije akakuta ua umejaa viti. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta migebuka mibichi kule Kibirizi, maana mama anasema tangu utotoni ndiyo aliyoipenda.

Mniombee nisichelewe boti za asubuhi.