X Si Nafasi ya Kujaza

Jumapili binti yangu alinifuata jikoni, jarida mkono mmoja, stika kwenye kidole cha mkono wa pili.

"Mama, imetoka yenyewe."

Haikutoka yenyewe. Gundi ile imevumilia kuhama nyumba mara 4, mvua iliyoingia stoo na mende wa Eastlands. Ilihitaji kucha za mtoto wa miaka 9. Alikuwa akiitikisa stika kama anayefukuza nzi, nayo imemganda.

"Kwa nini mlifunika namba kwa namba nyingine?"

Nikazima jiko. Maharagwe yalikuwa yameiva, na kama hayakuiva, basi.

Prof ndiye aliyetaka idara yetu ya usanifu, chuoni Nairobi, iwe na jarida. Nasema Prof wa koti la kaki, si yule mwingine. Hoja yake ilikuwa moja na aliirudia kila mkutano wa idara mpaka tukaijua kama wimbo wa taifa: Wamarekani wana Design Issues tangu 1984, imezaliwa chuoni kule Chicago. Waingereza wana Design Studies tangu 1979. Wrolstad, Mmarekani mmoja tu na kazi yake ya mchana, alianzisha jarida lake la herufi na maandishi mwaka 1967 akiwa kwenye jumba la sanaa la Cleveland, akalilea karibu miaka 20. Na sisi? Usanifu umefundishwa Nairobi tangu miaka ya 1960. Selby Mvusi, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliufundisha hapa, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1967, na wanafunzi wetu wanamjua kwa masimulizi kama wanavyomjua Fumo Liyongo. "Liko wapi letu?" Prof aliuliza, huku akigonga meza. Hakuna aliyejibu, kwa sababu aliyejibu angepewa kazi.

Mimi nilijibu. Nilikuwa na miaka 26 na nilidhani kupewa kazi ni sifa.

(Nikisema usanifu sisemi majumba. Viti, vitambaa, mabango, vifungashio, herufi. Mjomba wangu mpaka leo anaamini tulikuwa tunachapisha ramani za nyumba, na bado ananidai ya vyumba vitatu.)

Mwaka mzima wa kutafuta makala na wahakiki naupita mbio, maana hauna utamu. Makala inaondolewa jina la mwandishi, inapelekwa kwa watu wawili waisome, watu wawili wanaiweka chini ya mto. Unakumbusha. Unakumbusha tena. Mmoja alirudisha kurasa 4 za mwandiko wa mkono kuhusu makala ya kurasa 6, kila mstari umemtoa mwandishi damu, na mwisho akaandika: ichapishwe. Mama Katibu wa idara ndiye aliyekuwa na kompyuta yenye printa inayofanya kazi, kwa hiyo ndiye aliyekuwa na jarida, ukitaka kusema kweli. Mzee tarishi alibeba bahasha mjini kwa miguu ili nauli ibaki ya chai.

Kisha ikaja barua ya namba.

Jarida likisajiliwa hupewa namba yake, ISSN, tarakimu 8 zenye kistari katikati. Yetu ilikuwa na tarakimu 7 na X.

Sasa nieleweni. Nilikuwa nimelihangaikia jalada wiki 3. Juu kulia niliweka mwaka, 2003, na chini yake namba ya jarida, ili zile nne za mwisho zikae chini ya zile nne za mwaka, moja chini ya moja. Tarakimu za fonti ile zote zilikuwa na upana mmoja, zinapangika kama wanajeshi. X ilikuwa pana zaidi. Ilichomoza nje ya safu kama jino la juu. Niliitazama X ile siku 2. Nikaanza kujieleza: shuleni x ni kile kisichojulikana, ukishakijua unakiandika. Kwenye fomu X ni mahali pa kutia sahihi. Kwa hiyo X hii ni nafasi ya kujaza, mtu alisahau kuijaza. Sikumuuliza mtu. Nikaweka 0.

Ilipendeza mno.

Tulichapisha River Road, katikati ya Nairobi, ghorofa ya pili, kwa fundi ambaye angekutolea cheti cha shahada upesi kuliko sisi tulivyotoa jarida. Nakala 300, kurasa 64, yaani karatasi 4 kubwa zilizokunjwa kurasa 16 kila moja, stepla 2 mgongoni. Nilipopewa ya kwanza niliinusa. Wino wa ofseti ukiwa mbichi unanuka kama mafuta ya taa yaliyosoma.

Uzinduzi ulikuwa kesho yake saa 4 asubuhi. Mkuu wa kitivo ameshaalikwa, soda zimeshalipiwa. Nikapitia maktaba, sehemu ya majarida, kumpelekea mkutubi nakala ya kwanza. Nilitaka kusifiwa, sitawadanganya.

Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Lamu, kilemba, miwani yenye mnyororo, penseli imechomekwa kwenye kilemba. Akalipokea jarida kwa mikono miwili. Hakulifungua. Hakuitazama picha ya jalada, kikapu cha kiondo kilichopigwa kutoka juu, picha iliyonigharimu safari 2 za Machakos. Akaenda moja kwa moja kwenye kona ya juu kulia. Midomo yake ikawa inacheza kidogo, kama mtu anayesoma dua.

"Mwanangu," akasema, "namba hii ulipewa na nani?"

Nikamwambia.

"Hivi hivi?"

Nikakaa kimya kwa muda ambao yeye aliuelewa. Akachomoa penseli. Akainuka, akaenda rafuni, akarudi na toleo la zamani la Design Studies, akaliweka mbele yangu na kidole chake kikasimama chini ya namba: 0142-694X.

X. Imechapishwa kabisa, kwenye jarida la watu wazima.

"Hii ya mwisho si namba," akasema. "Hii ni mlinzi." Akageuza kadi ya maktaba iliyochakaa, akaandika tarakimu 7 kwa mstari, na chini yake, kutoka kushoto, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2. "Zidisha." Nilikuwa mhadhiri msaidizi na nilizidisha kwa sauti kama mtoto wa darasa la tatu. Sifuri mara 8, sifuri. Moja mara 7, saba. Nne mara 6, ishirini na nne. Mbili mara 5, kumi. Sita mara 4, ishirini na nne. Tisa mara 3, ishirini na saba. Nne mara 2, nane. "Jumlisha." Mia moja. "Gawa kwa 11." Mara tisa, inabaki moja. "Sasa 11 toa hiyo moja."

"Kumi."

"Kumi itaingia vipi kwenye chumba cha mtu mmoja?" Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko angenigombeza. "Warumi waliandikaje kumi?"

Nakumbuka feni ya dari ilikuwa na mlio. Nakumbuka vumbi la penseli kwenye kadi, na kwamba alikuwa na tabia ya kulipuliza kila baada ya hesabu. X haikuwa nafasi ya kujaza. Ilikuwa imeshajaa. Ukikosea tarakimu moja popote, akanieleza, au ukibadilisha mbili mahali pake, mlinzi anakataa, na jarida lako halijulikani na yeyote: mwenye kulitafuta Paris au Pretoria atatafuta namba ambayo haipo. "Sasa hii yako," akasema, akifanya hesabu ya kwetu upande wa pili wa kadi haraka zaidi kuliko mimi nilivyosoma, "haipo."

Prof hakunigombeza. Nilipomwambia alivua miwani, akaifuta kwa koti la kaki, akaivaa, akauliza stika ngapi zinaingia kwenye karatasi moja ya A4.

Fundi wa River Road alizichapa jioni ileile, akazikata kwa gilotini. Tukakusanyika idarani saa 12: Prof, Mama Katibu, mzee tarishi, mimi, na mkutubi, ambaye hakuna aliyemwita. Alikuja na rula yake. Mama Katibu akatoa mandazi na papo hapo akatoa sheria: mwenye mafuta mkononi asiguse jalada. Kwa hiyo tulikula kwa zamu, wawili wanakula, watatu wanabandika.

Nakala 10 za kwanza zilikuwa aibu. Stika inapanda, inashuka, inalala. Watu tunaofundisha na kuhariri mambo ya kupangilia vitu kwenye karatasi, na hatuwezi kuweka mstatili wa sentimita 3 mahali pake. Prof alitaka tupige mistari ya penseli. Mimi nilitaka tutumie mwanga wa dirishani, na nje ilikuwa usiku.

Mzee tarishi alikuwa kimya. Akachukua boksi tupu la majani ya chai, akaomba wembe, akakata kipande chenye umbo la pembe, na ndani yake akatoboa dirisha dogo. Akakiegemeza kwenye kona ya jarida, pembe kwa pembe. Stika ikaingia dirishani. Akabonyeza kwa kidole gumba. Akainua.

Ilikaa sawasawa. Akachukua ya pili, ikakaa sawasawa. Hakusema neno. Akatukatia vigezo vingine 4, kila mtu chake, na kwa sauti ile aliyoitumia kumwuliza Prof kama kuna barua za kupeleka, akasema, "Tuanze hapo."

Saa 5 za usiku tulikuwa tumemaliza. Prof alitugawa majumbani kwa Peugeot yake. Kesho mkuu wa kitivo alihutubia, akalisifu jalada, akalishika kichwa chini.

Ukurasa wa pili wa jarida lile niliupanga mimi pia. Yuko Prof, mhariri mkuu. Niko mimi, mhariri msaidizi. Wako washauri 7 wa nchi za nje, watatu kati yao hawakuwahi kujibu barua yetu hata moja, isipokuwa ile ya kukubali jina lao liandikwe. Kwenye toleo la 2 niliongeza mstari wa shukrani: mkutubi, Mama Katibu, mzee tarishi, kwa majina yao kamili. Prof aliufuta kwa kalamu nyekundu. "Hili ni jarida la kitaaluma," akasema, "si kadi ya harusi."

Nilikubali. Nimefikiria mara nyingi kwa nini nilikubali haraka vile. Prof hakuwa mtu mbaya. Kamati za kupandisha vyeo zilikuwa zinautazama ukurasa ule kwanza, kabla ya makala, na yeye alikuwa anapigania jarida lichukuliwe na uzito. Pengine alikuwa sahihi. Lakini mouse ilikuwa mkononi mwangu mimi, faili ilikwenda River Road nikiwa peke yangu, na mimi ndiye niliyejua tayari jinsi ya kubadilisha kitu bila kumwuliza mtu.

Tulitoa matoleo 4. Prof akastaafu, na jarida likafa kama yanavyokufa majarida mengi: hakuna tangazo, ni toleo lijalo tu ambalo haliji. Wenye fedha nao hawasalimiki. Mwaka 2023 niliposoma kwamba wajumbe wa bodi ya uhariri ya Design Studies, lile la X, wamejiuzulu kwa kutoelewana na mchapishaji wao Elsevier, kitu cha kwanza nilichojiuliza si sera wala ada. Nilijiuliza nani pale alikuwa anapeleka bahasha.

Haya yote sikumwambia binti yangu. Nilimwambia kulikuwa na mzee aliyekata boksi la chai.

"Aliandika nini humu?"

"Hakuandika."

"Sasa jina lake liko wapi?"

Nikamwambia alete jarida nirudishe stika. Haikushika tena, gundi ilikuwa imebaki kwenye kidole chake. Tukaliweka jarida mezani chini ya taa na, kwa mara ya kwanza tangu 2003, nikaona kilicho chini. Sifuri yangu. Imekaa chini ya ile 3 ya mwaka barabara, haijachomoza hata unywele.

"Mama, si hii ndiyo imepangika vizuri?"

Nikamwambia akanawe mikono, tule.