Maiti katikati ya daraja

Nimetoka kurudia sehemu ya kwanza ya Bron, tamthilia ya Sweden na Denmark ya 2011.

Taa za daraja la Øresund, linalounganisha Sweden na Denmark, zinazimika. Zikiwaka, maiti imelazwa juu ya mstari wa mpaka, sawasawa kabisa. Kuinuliwa tu, inaachana kiunoni: juu mwanasiasa wa Sweden, chini kahaba wa Denmark. Kesi ya nani sasa?

Gari la wagonjwa linaomba kupita. Martin, mpelelezi wa polisi wa Copenhagen, analiruhusu. Saga, mpelelezi wa kike wa Malmö, Sweden, anamripoti. Kila mmoja na lugha yake, mkalimani hakuna.

Ila kilichonikaa ni shati.
Saga analibadilisha ofisini, wenzake wakiwa palepale, kana kwamba chumba ni kitupu.

Mlioiona, huo ni upweke au ndiyo amani yake?