Dakika 32 za kanda

"Mwanangu, mbona kila mmoja anasikika kama kapiga akiwa peke yake?" Aliyeniuliza ni mzee aliyepiga gitaa la solo miaka mingi, siku nilipompelekea albamu ya kwanza niliyoirekodi. Neno lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli: besi Jumatatu, gitaa Jumatano, waimbaji wiki iliyofuata, kisha nikapanga yote kwenye kompyuta. Yeye masikio yake yamelelewa na dansi iliyorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Nikajiambia siri ni kanda.

Nikaazima mashine ya rili, ile inayorekodi kwenye kanda ya sumaku. Vichwa, sehemu zinazogusa kanda kuandika na kusoma sauti, nilivisafisha kwa spiriti, pamba ikatoka na unga wa kahawia. Mpira wa kuzungushia ulikuwa umelegea, kila noti ndefu ikawa inayumba, nikaweka mwingine. Kazi kubwa ilikuwa kukinyoosha kichwa cha kusomea. Kikiinama hata kidogo tu, sauti za juu zinafifia. Niliweka kanda ya zamani niliyoifahamu vizuri, nikashika bisibisi, nikazungusha skrubu robo ya robo, sikio likiwa kwenye spika. Matoazi yalikuwa kama yamefunikwa blanketi. Ghafla yakafunguka. Nikazungusha kidogo zaidi, yakafifia tena, nikarudi nyuma. Nilikaa pale karibu saa nzima na sikujutia hata dakika moja.

Siku ya kurekodi, sauti kutoka kwenye mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, niliigawa: njia moja kwenye rili, nyingine kwenye kompyuta, upigaji uleule mmoja. Hapo nikakosea. Kwenye kanda unaweza kuusukuma mshale wa kipimo cha sauti uguse wekundu, kwa kuwa sumaku inashiba polepole na ncha za sauti zinalainika. Kompyuta haina huruma hiyo. Ikifika sifuri, ambayo ndiyo kilele cha kipimo chake, kinachozidi kinakatwa. Nilipima zote mbili kwa mshale wa rili, na kila kofi la tumba likapasuka kwenye kompyuta. Tulirudia wimbo mzima. Tangu hapo naacha desibeli kama 10 za nafasi chini ya kilele hicho; ukirekodi kwa ubora wa biti 24 hupotezi chochote kinachosikika.

Nilimwita mzee, nikasawazisha ukubwa wa sauti (kinachovuma zaidi siku zote huonekana kizuri zaidi), nikamchezea zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Besi na tumba alizipenda za kanda, zilikuwa nene na zimeshikana. Waimbaji aliwapenda wa kompyuta, maneno yanatoka safi na ule mvumo wa "ssss" nyuma haupo. Halafu akasema, "Lakini zote hizi ni bendi."

Nilirudia neno lile njia nzima nikienda nyumbani. Malalamiko yake ya mwanzo hayakuhusu mashine kabisa. Rili ya inchi 7 kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde inachukua takriban dakika 32, na mimi nilikuwa nayo moja tu. Niliwaambia wanamuziki hivyo mapema. Wakafanya mazoezi wiki mbili, wakaja wakasimama duara, mpiga besi macho kwenye mguu wa mpiga dramu. Gitaa likaingia kwenye maiki ya mwimbaji na hakuna aliyeweza kulitoa baadaye, kwa hiyo kila mtu alipiga akijua.

Sasa natumia kompyuta, lakini bendi yote iko chumba kimoja na wimbo unapewa nafasi tatu tu. Nikimaliza, napitisha dramu na besi kwenye rili na kuzirudisha kwenye kompyuta. Zinarudi zimechelewa kidogo, nazisogeza kwa mkono mpaka zikae mahali pake. Waimbaji siwagusi.