Chupa ya mzee

Mwaka 2015 nilikuwa San Jose, California, napiga boksi la kulea wazee. Mzee wangu alikuwa injinia mstaafu, mjane, miguu imechoka ila mdomo uko fiti balaa. Nilikuwa namwita "mzee" hivyohivyo kwa Kiswahili mpaka akazoea, akinipigia simu anasema "ni mzee hapa."

Siku moja, mwezi wa nne hivi, akaniambia nipeleke mlimani nikachukue waini yangu. Mi nikajua ni duka. Kumbe Ridge, shamba la mizabibu wanakotengeneza waini, kule juu milima ya Santa Cruz, unatoka Cupertino kwenye Apple yao unaanza kupanda Montebello Road, barabara nyembamba, kona juu ya kona, pembeni korongo, nimekamata usukani kama vile leseni nimepata jana, na mzee yeye anapiga stori tu, eti kuna daktari Mtaliano anaitwa Perrone alinunua ardhi huku 1885, waini ya kwanza ikatoka 1892. Nikawaza wagonjwa alikuwa anamwachia nani.

Kufika juu Silicon Valley yote unaiona imetandikwa chini kama mkeka. Mizabibu ndo kwanza inatoa majani. Sasa mi mtoto wa Dodoma bwana, mjomba ana shamba Mpunguzi, sisi zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, hawa mara moja, ardhi yenyewe mawe ya chokaa na huko mwinuko karibu mita 800, nikamwambia mzee hawa watu wanajitesa. Akacheka, akasema mateso hayohayo ndo utamu wenyewe, halafu akaanza habari ya Paris. 1976 majaji Wafaransa walionjeshwa waini za kwao na za California bila kujua ipi ya nani, Monte Bello ya 1971, waini ya hapahapa Ridge, ikashika namba tano. Miaka 30 baadaye, 2006, wakarudia na waini zilezile zikiwa zimeshazeeka, ikawa ya kwanza. Kwenye "ya kwanza" akapiga meza watu wakageuka.

Sikuonja, nilikuwa naendesha, nilinusa tu. Wakati wa kuondoka akachomoa chupa moja ya 2012 kwenye boksi lake akanipa. "Usifungue. Ilaze miaka kumi, ikiwezekana kumi na tano." Bei nilikuwa nimeshaisikia, kwa hiyo nikaiweka siti ya nyuma nikaifunga mkanda.

Ililala chini ya kitanda wiki tatu.

Jumamosi washkaji wamekuja, nyama ipo, bia zimeisha, jamaa mmoja akainama akaiona. Kuzuia nilizuia, ila sio sana. Dah, ilikuwa kali, inakaba ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, na sisi tumekulia Dompo, waini tunajua ni kitu kitamu. Jamaa akamimina Coca humo humo. Na nakiri hapa, ikanyweka.

Asubuhi naosha vikombe nikakuta tone limebaki kwenye chupa, usiku kucha iko wazi. Nikalinywa hivyohivyo. Ukali umekwisha kabisa, imelainika, inanukia matunda meusi na kitu kama mbao mpya, na haiishi mdomoni, nimesimama pale kwenye sinki sijui hata dakika ngapi.

Mzee kila mwezi alikuwa ananiuliza, "Bado imelala?"

"Imelala mzee, tena usingizi mzito."