Kula vizuri Mtwara mjini: anza kwa kuangalia tui

Chakula cha nyumbani Mtwara hakitafutwi kwa kibao. Wapishi wengi wazuri wana meza mbili tatu na turubai tu. Dereva wa bodaboda atakupeleka penye sahani iliyojaa, na kujaa si utamu. Afadhali umuulize muuza samaki wa soko la Feri anakula wapi mchana. Angalia pia watu wanaokuja na hotpoti zao: hao wanapeleka chakula nyumbani, na hakuna anayepeleka nyumbani chakula kibovu.

Fika kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu. Ukichelewa utakuta mchuzi umekaa juu ya makaa muda mrefu, na hapo tui huharibika. Mpishi anayejua hukamua nazi mara mbili au tatu. Samaki huiva kwa tui jepesi pamoja na nyanya, kitunguu na bizari, na tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, huku akikoroga taratibu mpaka litokote kidogo. Moto ukiwa mkali, au ndimu ikitiwa baadaye kwa wingi, tui linakatika: mafuta yanaelea juu na chini kunabaki chembechembe. Chungulia sufuria kabla ya kuagiza. Mchuzi mzuri ni mzito wa kulingana. Wa manjano sana na mwepesi umeongezwa maji na bizari kuficha uchache wa nazi. Kilo moja ya samaki inataka nazi kubwa moja, hata mbili.

Uliza, "Leo kuna samaki gani?" Ukijibiwa changu, tasi au kolekole, kaa. Ukijibiwa "samaki wa kukaanga" tu, omba umwone. Aliyekaangwa jana na kurudishwa kwenye mafuta leo ana ngozi ngumu nyeusi na nyama kavu karibu na mfupa. Samaki mzima bei yake hufuata ukubwa, kwa hiyo elewaneni kabla hajawekwa kwenye sahani.

Ugali wa muhogo unavutika na hauna harufu ya uvundo. Ukinuka, makopa, yaani muhogo mkavu wa kusaga unga, yalinyeshewa yakiwa yanaanikwa, na mboga yoyote haitauokoa. Kisamvu kiwe kimetwangwa laini na kuchemshwa sana mpaka kijani kikolee, ndipo kikatiwa nazi au karanga. Kikiwa kichungu, au kinatafunika kama majani, hakijaiva. Kiache, maana majani ya muhogo yasiyoiva vizuri yana sumu.

Ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, usiitafute mgahawani. Inauzwa barabarani imeshachemshwa; chagua ya moto.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, mji hujaa wanunuzi na madereva wa malori. Sufuria huisha mapema, na baadhi ya wapishi hupunguza nazi ili chakula kitoshe. Chukua namba ya mpishi uliyemwamini, mpigie kabla ya saa nne asubuhi, mtajie samaki unayemtaka na idadi ya sahani.